Kosa Si la Pipa

Msomaji akiona habari za pipa la bia katika ukurasa huu huenda akaguna: "Astaghafirullah! Na huyu naye?" Asikimbie. Maneno haya hayamfunzi mtu kupika pombe, bali yatazama jinsi tunavyopambana nayo.

Nchini Marekani, kupika bia nyumbani kwa matumizi ya mtu mwenyewe kulihalalishwa kwa sheria aliyoitia sahihi Rais Jimmy Carter mwaka 1978. Nyumba yenye watu wazima wawili au zaidi yaruhusiwa galoni 200 kwa mwaka, yaani kama lita 757, walakini kuuza ni marufuku. Baadhi ya wapishi hao hulichukua pipa la chuma kisichoshika kutu, lile ambalo viwanda hutilia bia, wakaligeuza chombo cha kuchachulia. Kwanza hutoa hewa iliyobanwa ndani, kisha huchomoa vali na bomba lake, wakalisafisha, wakatia maji ya kimea na hamira. Mdomoni huweka kizibo chenye mrija ambao ncha yake imezama majini. Hamira ikila sukari hutoa ulevi na hewa ya kaboni. Hewa hiyo hutoka kwa mrija, na ya nje haingii. Siri yote ni hiyo.

Je, ya nje ikiingia kwa wingi? Huja vijidudu vingine, vikaugeuza ulevi kuwa ukali wa siki. Chombo ni kile kile. Kilichobadilika ni hewa na siku.

Jambo hili si geni kwetu. Maji matamu ya mnazi huanza kuchacha mumo humo kibuyuni, kabla mgema hajayateremsha. Yakiachwa wazi siku nyingi huwa siki. Na masheikh wa madhehebu ya Shafii, yaliyo ya wengi wetu hapa pwani, wafunza kwamba ulevi uliogeuka siki wenyewe, pasi na kutiwa kitu, umetoharika, na chombo chake kimetoharika pamoja nao.

Tena imepokewa kuwa wajumbe wa Abdul-Qais walipomjia Mtume, rehema na amani zimshukie, aliwakataza kulowekea vinywaji katika vyombo vya namna nne, kibuyu kikiwamo. Baadaye aliviruhusu vyombo, na katazo likabaki juu ya kila kileweshacho.

Sasa tuzitazame serikali zetu. Mwaka 1980 chang'aa ilipigwa marufuku kwa sheria. Ikaendelea kupikwa mafichoni. Mwaka 2004 ikaletwa bia ya pipa ya Senator, ikapunguziwa ushuru ili iwavute wenye kipato kidogo waiache chang'aa. Mwaka 2010 chang'aa yenyewe ikahalalishwa kwa masharti. Hata hivyo, mwaka 2014 watu wengi walikufa Embu, Kiambu na kwingineko kwa pombe iliyotiwa methanoli, nayo ni sumu. Februari 2024 msiba kama huo ukaingia Kirinyaga. Kila mara picha magazetini ni ile ile: chifu na askari, mapipa yakitobolewa, pombe ikimwagwa. Lakini kutoboa pipa hakumzuii aliyetia sumu. Yeye kesho hununua pipa jingine.

Huku kwetu anayeumia ni mgema. Ziko nyumba Kilifi na Kwale ambazo karo ya watoto yatoka juu ya mnazi. Kumwambia baba wa nyumba hiyo aache, bila kumwonyesha pa kushika, ni kumwambia mwanawe asiende shule. Na pa kushika papo. Maji yale yakipikwa mabichi, kabla hayajachacha, huwa asali. Yakiachwa hadi mwisho huwa siki. Yatakiwa vyombo safi, mtu wa kupima, na soko. Hayo ni mambo yaliyo ndani ya uwezo wa serikali za kaunti na vyama vya ushirika. Nasi Waislamu tunaolaani tembo mimbarini, tuulizane ni wangapi tumewahi kumwendea mgema kununua siki yake.

Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mgema wetu wa leo hajasifiwa na mtu. Amezoea msako tu. Tumpe mnunuzi wa siki, kisha tuone kama atakuwa na haja ya kujificha.