MAONI YETU: MABUTI YA BONDENI YACHAGULIWE KWA KINA CHA MAJI



Mkutano wa Jumamosi utaamua juu ya ile fedha ya mpunga iliyotengwa kununua mabuti ya kuingilia bondeni. Maneno yamekuwa mengi, kisimani, kilabuni, hata kwenye mashine ya kukoboa. Wasasi wetu wenye leseni wanazitaka zile ovaroli za mpira zinazofika kifuani, zenye mikanda ya mabegani, kama walivyoona wageni wa uwindaji wamevaa. Wengine wanasema gambuti za kawaida za chini ya goti zinatosha. Na wapo wanaosema eti fedha isitumike kabisa, babu zetu waliingia kwenye matete miguu mitupu na wakarudi na nyama. Sisi tunasema yanunuliwe mabuti ya mapajani.

Tuanze na hao wa miguu mitupu. Babu zetu walirudi na nyama, ni kweli. Wengi walirudi na kichocho pia. Wazee wanaikumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, watu wamekaa duara na redio katikati. Kichocho kilisomwa pale. Mdudu wake hukaa ndani ya konokono wadogo wa maji baridi yaliyotulia, penye majani majani, ndipo hasa bata maji wanapopenda kutua. Akitoka kwa konokono huogelea kutafuta mtu, na akikupata hupenya ngozi kwa dakika chache tu. Huhisi kitu. Wengi wao hutoka jua likiwa kali, kuanzia saa nne asubuhi hadi saa nane mchana. Dawa ipo, prazikwanteli, na inaponya. Lakini haikukingi usiambukizwe tena. Ukinywa leo na kesho ukaingia majini miguu mitupu, umeanza upya. Halafu wapo wanaokojoa humo humo majini! Hao ndio wanaopeleka mayai ya kichocho kwa konokono, ili mdudu apate pa kukulia.

Basi buti ni lazima. Sasa buti gani?

Gambuti ya chini ya goti inafaa kwenye tope na umande, na mguu wake husaidia kidogo dhidi ya nyoka, maana nyoka wengi humgonga mtu mguuni na kwenye kifundo. Lakini katika bonde letu hili la Kilombero maji ya masika yakishuka huacha madimbwi na mifereji ambayo goti linazama. Hatua moja mbaya na buti limejaa. Buti lililojaa maji ya dimbwi si kinga tena. Umeloweka mguu wako ndani ya yale yale maji uliyokuwa unayakimbia, na utatembea nayo mpaka nyumbani.

Ovaroli ya kifuani nayo tumeifikiria vizuri, wala hatuna chuki na wasasi. Ni chombo kizuri mahali pake. Huko Ulaya na Marekani msasi wa bata husimama ndani ya maji ya baridi kali saa nyingi bila kusogea, kwa hiyo wenzetu wameshona ovaroli nene, nyingine za mpira wenye povu ndani, ili kumtunza na joto. Hapa kwetu ukiivaa saa tano mchana utapikika kama ndizi ndani ya majani. Jasho litajaa mle ndani na nguvu zitakwisha kabla hujaona hata unyoya. Ziko na nyepesi zinazopitisha jasho, lakini bei yake ni kubwa na miiba yetu haitazionea huruma.

Hilo la joto tungeweza kulivumilia. Kubwa kwetu ni kwamba buti refu humdanganya mtu. Aliyevaa buti la mapajani maji yakikaribia paja anageuka, maana anajua kikomo chake. Aliyevaa la kifuani anaendelea tu, kiunoni, tumboni, mpaka mahali ambapo hata ndugu zetu wavuvi hawaendi bila mtumbwi. Huko ndiko kwa mamba na kiboko, na kwao hao hakuna mpira unaosaidia. Akiteleza, ovaroli inajaa. Watu husema maji yale humvuta mtu chini. Si hivyo hasa, maana maji ndani ya maji hayana uzito wa kukuzamisha. Shida ni kwamba huwezi kupiga miguu vizuri, na ukifika ukingoni ukitaka kupanda unabeba mzigo wote. Lita moja ya maji ni kilo moja. Waliosoma hesabu nasi jioni wapige wenyewe ni kilo ngapi zinaingia kwenye suruali nzima. Mwenye ovaroli yake binafsi tunamwomba akaze mkanda kiunoni, nje ya ovaroli, ili akianguka maji yasishuke haraka miguuni.

Tena liko jambo la haki. Wasasi huingia bondeni siku chache kwa mwaka, mahali na wakati leseni inaporuhusu. Wanaofukua mifereji ya majaluba, na wengi wao ni akina mama, husimama majini wiki nzima, na fedha hii imetoka kwenye mpunga wao. Kwa bei walizoulizia wajumbe, fedha ya ovaroli moja inapata jozi mbili za mapajani. Tunataka mabuti haya yawe ya wote, na yaandikwe kwenye daftari la stoo kama majembe yanavyoandikwa.

Watakaokwenda kununua wasichague kwa macho. Buti lijaribiwe kwa kuvaliwa. Mtu achuchumae, kisha apandishe mguu juu ya kiti. Likibana gotini litapasuka hapo hapo. Kwenye kifundo lishike mguu vizuri, maana buti pana hunyonywa na tope, ukabaki unavuta mguu mtupu na buti liko chini. Soli iwe na meno marefu. Mpira halisi ni bora kuliko plastiki, kwa sababu ukitoboka unauziba kwa kiraka na gundi ya baiskeli. Plastiki haishiki gundi ile. Kamba za kufungia kwenye mkanda zifungwe fundo la kufunguka kwa mvuto mmoja.

Na utunzaji, jamani. Mabuti hayakaushwi motoni wala hayaachwi juani siku nzima, mpira unapasuka. Mafuta ya taa na petroli yasiyaguse. Yaning'inizwe kichwa chini kivulini, yasikunjwe, na kabla ya kuvaa yakung'utwe, maana nge hapendi kukaa pengine zaidi ya humo.

Kwa wasasi tunaongeza moja. Mtu asivuke dimbwi na bunduki iliyoshindiliwa. Avuke na fimbo ya kupimia kina, wakiwa wawili, na akifika ng'ambo autazame mtutu kabla ya kushindilia. Mtutu uliozibwa na tope hupasuka mkononi baruti ikilipuka. Hilo si la buti, lakini anayeteleza ni yule yule.

Mkutano ni Jumamosi saa tatu asubuhi, mbele ya ghala. Kila anayetaka kuandikishwa aje na namba ya kiatu chake. Asiyeijua apite stoo Ijumaa jioni, mtunza stoo atampima mguu kwa kamba.