Judo si dawa ya wakorofi

Nasema mapema tusipotezeane muda: klabu yetu ya judo hapa Mantapala haipo ili vijana wasiwe wezi. Haipo kwa ajili ya kutibu kiwewe, wala kupamba ripoti ya mtu. Ipo kwa sababu kuna watu wanaopenda judo. Mbona jibu hili halimtoshi mtu?

Tunabanwa pande mbili. Upande wa kwanza ni wetu wenyewe. Mzazi anapita, anaona kijana kamwinua mwenzake na kumtupa chini, anatikisa kichwa: "Mwalimu, unafundisha batoto kupigana? Vita haikutosha?" Wamama, wapapa, nawaelewa. Waliokimbia Pweto wakavuka kuingia Chiengi mwaka 2017 hawakuja huku kutafuta fujo nyingine. Lakini tuseme ukweli. Kwenye mashindano ya judo hakuna ngumi wala teke. Somo la kwanza ni kuanguka: kidevu kifuani, mkono upige chini, mwili ujiviringe. Ndipo unafundishwa kumwangusha mwenzako huku umemshika mkono wa kimono ili asiumie.

Aliyeanzisha mchezo huu, Jigoro Kano wa Japani, alikuwa mdogo wa umbo na utotoni alionewa. Mwaka 1882 alifungua shule yake, Kodokan, ndani ya hekalu moja Tokyo, na mikeka 12 tu. Alichukua mbinu za kale za wapiganaji, zile za hatari akazitoa kwenye mazoezi ya kukabiliana, na akaweka kanuni kwamba wewe na mwenzako mnufaike pamoja. Jamani, kuna mgambo gani anafundishwa hivyo?

Upande wa pili ni ninyi wenye magari meupe. Mnakuja na fomu: vijana wangapi wameacha pombe, wangapi wamepunguza hasira? Kule Paris au Oslo, mtoto akienda judo kuna mtu anamuuliza ameacha kuiba mara ngapi? Hapa kwetu anafanya nasi mazoezi mvuvi mmoja Mzambia wa Kashikishi, akija anatuletea chisense kidogo. Anaanguka palepale tunapoanguka sisi. Fomu ile hajawahi kupewa. Yeye anahesabiwa mwanamichezo, sisi tunahesabiwa wagonjwa.

Msione ni maneno tu. Kitu kikiletwa kama dawa, siku ya dawa kwisha kinaondoka. Mradi mmoja, sitautaja, ulituletea mikeka mizuri ya mazoezi, ukapiga picha, na baada ya miezi sita ukafunga hesabu. Mikeka ikafungiwa stoo kwa sababu kwenye karatasi haikuwa na mwenyewe. Sisi tuliokuwa tunaifagia kila Jumamosi, eti si wenyewe! Tangu hapo tunaanguka juu ya turubai lililotandikwa kwenye majani makavu. Msichana wetu mmoja, hodari kuliko wavulana wengi, aliteguka bega. Mama yake akamtoa, na mimi sina la kumjibu yule mama wakati mikeka iko pale, nyuma ya kufuli.

Halafu kwenye semina mnatuonyesha picha ya Popole Misenga na Yolande Mabika. Sawa, nasi tunajivunia. Ni watoto wa Bukavu, vita viliwatenga na familia zao, judo wakaijulia Kinshasa. Mwaka 2013 walikwenda Brazili kwa mashindano ya dunia wakaomba hifadhi, na mwaka 2016 wakawa miongoni mwa wanamichezo 10 wa timu ya kwanza ya wakimbizi kwenye Olimpiki ya Rio. Popole akashinda pambano lake la kwanza. Lakini hawakufika pale kwa mradi wa miezi sita. Walifika kwa miaka ya kuanguka na kuinuka. Na hata wasingefika Rio, miaka ile isingekuwa hasara.

Mantapala shule zetu tunasoma pamoja na wenyeji, na hakuna anayesema shule ifungwe mpaka watoto wathibitishe wamepoa. Basi na klabu iwe hivyo. Mikeka iandikwe kwa jina la klabu. Ufunguo ushikwe na kamati ya wanachama, wakimbizi na Wazambia. Wazazi, njooni Jumamosi, kaeni saa nzima, muone kwanza ndipo mseme. Na ninyi wa fomu, mkitaka kuhesabu, hesabuni waliokuja mazoezini. Mkimaliza kuhesabu, fungueni stoo.