Kabla Jua Halijatiwa Kivuli, Mkulima Aulizwe

Na Karani wa Kilimo, Pioneer, Eldoret

Wakulima wenzangu,

Wako wataalamu wa ng'ambo wanaofikiri kwamba dunia hii inayozidi kupata joto yaweza kupozwa kwa kulitia jua kivuli. Shauri lao ni kupeleka ndege juu sana, kadiri ya kilomita 20, zimwage gesi ya salfa. Gesi hiyo hugeuka ukungu mwembamba, nao hurudisha sehemu ya mwanga wa jua. Msicheke. Jambo hili latuhusu, nami nalipinga kwa sababu tatu.

Kwanza, mvua. Kupoza kwenyewe si uongo. Mwezi wa Juni 1991 mlima Pinatubo wa Ufilipino ulilipuka, ukatupa juu tani milioni 15 hivi za gesi hiyo. Mwaka uliofuata joto la dunia lilipungua karibu nusu digrii. Lakini mvua nayo ilipungua katika nchi kavu. Jua ndilo linaloinua maji ya bahari yawe mawingu. Ukilipunguza jua, umegusa mvua. Sisi wa Uasin Gishu hupanda mahindi mara moja kwa mwaka, mvua za Machi na Aprili zinapoanza. Zikituponyoka, hatuna msimu wa pili wa kulipia mbolea na karo.

Pili, kazi hii haiachiki. Mtu ataniuliza: Je, miaka ya 1960 kule Kericho hazikurushwa roketi mawinguni ili kuvunja mvua ya mawe, isiharibu majani ya chai? Ni kweli. Lakini ile ilikuwa kazi ya vilima vichache, na iliweza kuachwa siku yoyote. Salfa hukaa juu mwaka mmoja au miwili, kisha huanguka. Lazima imwagwe daima. Ikikatizwa, hali moshi wa viwanda na magari ungali angani, joto lililozuiwa litarudi kwa ghafla. Maji ukiyavulia nguo, huna budi kuyaoga.

Tatu, nani atashika ufunguo? Mwajua ugomvi wa mfereji: wa juu akifunga, wa chini hukaukiwa. Wenye ndege hizo hawatakuwa sisi.

Wanaolitetea shauri hili husema joto huumiza maskini kwanza. Ni kweli, basi wenye moshi mwingi na waupunguze.

Mwezi wa Agosti 2023 mawaziri wa mazingira wa Afrika, wakiwa Addis Ababa, walitaka mapatano ya kutotumia njia hii. Februari 2024, hapa kwetu Nairobi, Uswisi ililieleza Baraza la Mazingira la Umoja wa Mataifa kwamba yafaa iundwe kamati ya wataalamu ya kuichunguza. Mataifa hayakupatana, na Uswisi ikaondoa shauri lake. Afrika ilisimama vyema. Lakini shauri lililoondolewa laweza kurudishwa.

Kwa hiyo, kila mwenye shamba katika skimu awe na daftari. Andika siku ya mvua ya kwanza, siku za mvua kila mwezi, na magunia uliyovuna. Tena liulizeni jambo hili barazani, mbele ya wajumbe wenu. Siku mvua ikibadilika na wakubwa wakabishana, mkulima asiye na maandishi hatakuwa na la kuonyesha.