Uso wa Mtu Haununuliwi kwa Mkopo

Wahenga walisema: kukopa harusi, kulipa matanga. Methali hii twaitumia sana hapa mwambao, lakini leo nataka kuipeleka mbali, hadi mashambani mwa Thailand, nchi ambayo wengi wetu twaijua kwa mchele wake tu. Yaliyowapata wakulima wa huko yanatuhusu, kwani mwenzio akinyolewa, wewe tia maji.

Kaskazini mashariki ya nchi hiyo kuna eneo kubwa liitwalo Isan. Wakaaji wake wengi ni wakulima wa mpunga wanaotegemea mvua. Zamani mkulima alilima kwa nyati. Baadaye ikaja mashine ndogo ya kulimia ambayo mtu huiongoza kwa mikono, nao wakaiita nyati wa chuma. Siku hizi anayetaka kuonekana mtu kijijini hutafuta pikapu mpya. Aghalabu hainunui kwa fedha taslimu. Huilipa polepole, mwezi baada ya mwezi, kwa miaka mitano, sita, hata saba. Gari likifika hupelekwa kwa mtawa wa Kibudha kubarikiwa. Mtawa huchora alama darini, juu ya kichwa cha dereva, na mashada ya maua hutundikwa mbele. Gari jipya huko hupewa kwanza kibao chekundu cha nambari za muda, na wako wanaokiacha kibao hicho mahali pake kwa muda mrefu, ili kila apitaye ajue kwamba gari ni jipya.

Wathai wana neno lao, naa, lenye maana ya uso, lakini kwao uso ni heshima pia. Mtu hupata uso, na mtu hupoteza uso. Sisi hatuhitaji mkalimani wa kutufasiria hayo, kwani twasema uso umeumbwa na haya. Katika arusi zao mahari huwekwa hadharani, noti na dhahabu, na huhesabiwa mbele ya wageni. Wako wanaoazima fedha hizo kwa siku moja tu, zionekane, kisha zirudishwe kwa mwenyewe. Msomaji wangu, usicheke. Ngoja kwanza nifike kwetu.

Wako watu wa mjini, huko Bangkok na kwingineko, wanaosema kwamba mkulima ni mjinga, apenda makuu. Mimi sikubaliani nao. Pikapu si pambo tu. Vijiji vingi vya Isan mabasi yake ni ya kubahatisha, na gari hilo hilo hubeba mpunga, mbolea, watoto wa shule na mgonjwa wa usiku wa manane. Mwenye kulaumu na amlaumu pia aliyemfungulia mkulima mlango wa deni na kumkaribisha ndani.

Nao walikuwa wengi. Mwaka 2001 serikali ya Thaksin Shinawatra ilitoa baht milioni moja kwa kila kijiji, vijiji zaidi ya 70,000, ziwe mfuko wa kukopeshana. Mwaka 2011 serikali ya dada yake, Yingluck Shinawatra, ikaahidi kumrudishia kodi ya hadi baht 100,000 kila anunuaye gari lake la kwanza. Wakati huo huo iliahidi kununua mpunga kwa baht 15,000 kwa tani, bei iliyopita sana ile ya soko. Mkulima akapiga hesabu: bei ya mpunga iko juu, kodi itarudi, basi cha kuogopa ni nini? Watu wapatao milioni moja na robo waliomba marejesho hayo, na mwaka 2012 magari zaidi ya milioni 1.4 yaliuzwa nchini humo. Lakini mpango wa mpunga ulikwama, wakulima wakakaa miezi bila malipo, na mwaka 2014 ukaporomoka pamoja na serikali yenyewe. Deni la gari halikuporomoka. Tena aliyechukua marejesho ya kodi alifungwa asiuze gari lake kwa miaka mitano, hata kama limemlemea.

Hapa pana jambo ambalo kila akopaye hana budi kulielewa. Tuseme mtu amekopa baht 500,000 kwa riba iitwayo asilimia 5 kwa mwaka, alipe kwa miaka 6. Riba yote ni 150,000, na kila mwezi atatoa baht 9,000 na kidogo. Lakini riba hiyo huhesabiwa juu ya deni lote tangu siku ya kwanza hadi ya mwisho, ingawa yeye analipunguza kila mwezi. Ukilipima kwa haki, utaona analipa karibu asilimia 9. Na mpunga wa Isan huvunwa mara moja kwa mwaka, karibu mwezi wa Novemba, ilhali deni huvuna kila mwezi. Ndipo kijana aliye kiwandani Bangkok akawa ndiye shamba la pili la wazazi wake.

Akishindwa miezi mitatu mfululizo na muda wa onyo ukapita, gari huchukuliwa na kupigwa mnada. Bei ya mnada isipotosha, aliyenyang'anywa huendelea kudaiwa upungufu. Gari hana, uso hana, deni analo. Mwaka 2021 madeni ya jamaa za nchi hiyo yalivuka asilimia 90 ya pato la taifa. Serikali iliweka ukomo wa riba mwaka 2023: asilimia 10 kwa gari jipya, 15 kwa lililotumika, na 23 kwa pikipiki. Tazama, ndugu yangu, kwamba ukomo wa juu kabisa umemwangukia mwenye pikipiki, naye ndiye mnyonge kuliko wote. Mwaka 2024 wakopeshaji waliogopa, wakakataa maombi mengi, na magari yaliyouzwa hayakufika 600,000.

Wala tusidhani kwamba haya ni ya Mabudha peke yao. Kusini mwa Thailand, huko Pattani, Yala na Narathiwat, wako ndugu zetu Waislamu, wengi wao wagemaji wa mpira. Mwanzoni mwa 2011 bei ya mpira ilipita baht 150 kwa kilo. Kufikia 2015 haikufika hata nusu yake. Aliyekopa kwa kutegemea bei ile alijuta kama jirani yake wa Isan. Sheria ya kuunda Benki ya Kiislamu ya Thailand ilipitishwa mwaka 2002, nami naiona hatua njema. Lakini kuepukana na riba ni nusu ya dawa. Mtu aweza kununua kwa mkataba wa halali kabisa kitu ambacho haja yake ni kumtia jirani kijicho. Surat At-Takathur haikuja kutuonya juu ya riba. Ilikuja kutuonya juu ya kushindana kwa wingi wa vitu hadi kaburini.

Nami nayasema haya nikiwa na kovu langu. Nilipomwoza binti yangu, mkwe alikuwa radhi na nikahi msikitini, na halua na kahawa barazani. Ni mimi niliyetaka ukumbi, sare za akina mama na pilau ya mitaa miwili. Nilikopa. Wageni walisifu kwa muda wa siku tatu. Mimi nililipa kwa miaka minne, na mwaka mmojawapo mdogo wake alikaa nyumbani kwa kukosa karo. Hakuna mgeni hata mmoja aliyekuja kuniuliza kwa nini mtoto hasomi.

Kwa hivyo maoni yangu ni haya. Anayekopa chombo cha kazi, iwe pikapu ya Isan au bodaboda ya Likoni, na akope kwa hesabu ya mwezi mbaya, si ya mwezi mzuri. Deni na liandikwe na lisomwe, kama tulivyoamrishwa katika Suratul Baqara, na mwenye kudai ampe muda aliyedhikika. Lakini neno langu kubwa ni kwetu sisi watazamaji. Uso haumo garini wala ukumbini. Umo machoni mwa wanaotazama. Deni la fahari hutiwa saini na mtu mmoja, lakini mtaa mzima ndio uliomshika mkono. Siku tutakapokwenda arusini tukala halua, tukaomba dua, tukarudi makwetu bila kuhesabu magari yaliyopangwa nje, tutakuwa tumemlipia jirani yetu deni kabla hajalikopa.