Hodi Katika Nyumba za Busia



Mama mmoja ameniuliza swali ambalo najua si lake peke yake. Binti yake ameolewa na kijana Msamia aliyesilimu, na Desemba watasafiri kwenda Busia kuwaona wazazi wa kijana, ambao ni Wakristo. Amekusudia kuchukua sufuria zake na nyama yake, asije akalishwa kisichomjuzu.

Namnasihi asifanye hivyo. Mwenyeji wa kule humtukuza mgeni kwa kuku, naye kuku huyo huchinjwa kwa ajili ya mgeni mwenyewe. Afikaye na sufuria yake amemwambia mwenyeji, bila ya kufumbua kinywa, kwamba jiko lake ni najisi. Mama atarejea Pwani, na binti ndiye atakayebaki na neno hilo miaka yote ya ndoa yake.

Bora ni kusema mapema. Kijana awapigie simu wazazi wake kabla ya safari, awaeleze kwamba wageni hula kilichochinjwa na Mwislamu. Jambo hilo si geni Busia wala Malaba, kwani Waislamu wameishi huko kwa vizazi. Wenyeji wengi humwita jirani Mwislamu aje achinje, au humkabidhi mgeni kisu. (Mas-ala ya vichinjo vya Ahlul-Kitabi yana mlango wake, leo tumo katika adabu.) Kinachovunja moyo ni kunyamaza mpaka kuku ameiva, kisha kuisogeza sahani kando.

Mlangoni tumekwisha fundishwa: Surat An-Nur, aya ya 27, yatuamrisha kuomba idhini na kuwasalimu wenyeji. Salamu ya Waluhya ni "Mulembe", na maana yake ni amani. Mama ajifunze neno hilo moja, ataona nyuso zinavyokunjuka. Viatu avivue hata akiambiwa aingie navyo. Wajapani huvivua kizingitini na kuvigeuza vielekee nje. Sisi huviacha vimepandana kama samaki kapuni.

Baba naye ajue kwamba firigisi ya kuku, kwa Waluhya, huwekewa mwanamume anayeheshimiwa. Akiwekewa, ale yeye, asimpe mtoto.

Wakifika Malaba kwa Wateso, huenda wakawakuta wazee wamekizunguka chungu cha pombe, kila mmoja na mrija wake mrefu. Hapo hatunywi wala hatuketi. Lakini pia hatuzibi pua. Wazee wasalimiwe kwa heshima, kisha mama aombe kukaa na wanawake wenzake uani.

Siku ya kuondoka watasindikizwa hadi barabarani, na aghlabu watapewa kuku aliye hai. Mama asiseme kwamba basini hana pa kumweka. Ampokee na kushukuru. Atapata wa kumchinja mjini kabla ya basi la jioni.