Si Baridi Iuayo Kuku

Kila mwaka, iingiapo miezi ya Juni, Julai na Agosti, wenyeji wa Makete, Njombe na nyanda nyingine za juu za kusini mwa Tanzania huamka alfajiri wakaona sakitu, yaani umande ulioganda, imetanda juu ya majani mabondeni. Katika Uwanda wa Kitulo, ulioinuka mita 2,600 hivi juu ya usawa wa bahari, baridi hiyo ni kali sana. Na katika miezi hiyo hiyo wafugaji wengi huokota kuku waliokufa bandani, nao husema neno moja tu: "Baridi imewaua." Basi huziba kila tundu la banda kwa udongo, matambara na magunia, na wengine huwahamishia kuku jikoni karibu na moto. Shauri letu ni kwamba desturi hiyo haifai, na ya kwamba neno "baridi" limekuwa kifuniko kinachoficha adui wa kweli. Twamwomba kila mwenye kuku azipime sababu zetu kabla hazijafika baridi za mwaka ujao.

Kwanza na tumtazame kuku mwenyewe. Mwili wake una joto la nyuzi 41 hivi, yaani kupita joto la mwili wa mtu, na amevikwa vazi zuri kuliko blanketi lolote. Usiku wa baridi huyatutumua manyoya yake, na hewa iliyonaswa katikati ya manyoya hayo hulinda joto lisitoke. Huikalia miguu yake kwa kifua, na kichwa hukificha chini ya bawa. Kuku mzima, mwenye manyoya kamili na tumbo lililoshiba, huweza kuvumilia usiku ule ambao mwenye nyumba hawezi kuuvumilia bila moto.

Lakini vazi hilo lina adui wake, naye ni unyevu. Manyoya yaliyolowa hayanasi hewa, na kuku aliyelowa hupotewa na joto upesi. Je, unyevu hutoka wapi katika banda lisilovuja? Hutoka kwa kuku wenyewe. Kuku kumi hunywa maji yapata lita 2 kwa siku. Sehemu ndogo huingia katika mayai. Yaliyosalia hutoka kwa pumzi na kwa kinyesi. Banda likizibwa kabisa, maji hayo hayana njia ya kwenda. Hupanda juu kama mvuke, hugusa bati lililopoa, kisha huwadondokea kuku mgongoni. Kinyesi kilicholowa nacho hutoa hewa kali iumizayo macho na mapafu. Mwenye banda amekusudia kuzuia baridi, na kumbe amewafungia kuku wake ndani ya ukungu wenye sumu.

Asiyesadiki na afanye jaribio hili, ambalo halina gharama. Aingie bandani alfajiri, kabla hajafungua mlango wazi, ainame mpaka uso wake uwe sawa na mahali kuku wanapolala, avute pumzi mara tatu. Macho yakimwasha, au akiona matone chini ya bati, basi banda lake ni baya, hata kama lina joto.

Na isidhaniwe ya kuwa maarifa haya ni ya nchi zenye jua tu. Huko Marekani, ambako theluji hufunika mashamba, Dr. Prince T. Woods alitoa kitabu mwaka 1912 akiwashauri wafugaji wajenge nyumba za kuku zilizo wazi upande wa mbele, hata katika nchi za baridi. Na huko Oka, katika jimbo la Quebec nchini Kanada, mtawa mmoja, Ndugu Wilfrid Châtelain, alianza mwaka 1908 kuzalisha aina ya kuku iitwayo Chantecler. Katika kazi yake alitafuta kuku mwenye upanga mdogo kichwani, kwa maana upanga mrefu ndio ugandao upesi. Watu hao walioijua baridi kuliko sisi hawakuona dawa katika kuziba banda.

Basi banda liweje? Katika nyanda zetu za kusini, upepo wa miezi ya baridi huvuma zaidi kutoka kusini-mashariki, na jua la miezi hiyo hupita upande wa kaskazini. Kwa hiyo kuta za kusini na mashariki zikandikwe vizuri zisiache upenyo, na uso wa banda uelekee kaskazini. Hivyo upepo utazuiwa, na jua litaingia kukausha sakafu. Chini ya paa, juu ya vichwa vya kuku walalapo, paachwe nafasi wazi ipatayo sentimita 20, ili pumzi na mvuke vitoke. Tofauti hii ndiyo yapasa kukumbukwa: upepo unaompiga kuku mwilini ni mbaya, hewa ipitayo juu ya kichwa chake ni uhai.

Sakafuni kutandazwe maranda makavu, unene wa sentimita 10 au zaidi. Mahali penye viwanda vya mbao, kama Njombe na Mafinga, maranda hayana shida kupatikana. Yageuzwe mara kwa mara, na yaliyolowa yatolewe yapelekwe shambani, maana ni mbolea nzuri. Kuku wasilale chini, bali juu ya fito. Ufito uwe bapa upande wa juu, upana wa sentimita 5 hivi, ili kuku aweze kuvifunika vidole vyake kwa manyoya ya kifua. Na kila kuku apewe nafasi ya sentimita 20 hadi 25, wapate kusogeleana na kupashana joto.

Tunajua jibu la wafugaji wengi: "Nikiacha nafasi wazi, mwizi atapenya, na kicheche ataingia." Neno hilo lina haki, wala hatulidharau, kicheche mmoja aweza kumaliza kuku wa nyumba nzima kwa usiku mmoja. Lakini nafasi wazi si lazima iwe mlango. Izibwe kwa wavu wa chuma wenye matundu madogo, au kwa fito za mianzi zilizopangwa karibu karibu na kufungwa imara. Mianzi ya ulanzi imejaa katika wilaya hizi, na kazi hiyo ni ya siku moja. Kumlaza kuku jikoni si ulinzi: huvuta moshi usiku kucha, huchafua mahali pa chakula, na asubuhi hutolewa ghafula penye joto na kutupwa penye sakitu.

Vifaranga ni jambo la mbali. Hao hawana vazi bado, na baridi kweli huwaua. Katika juma la kwanza wahitaji joto la nyuzi 32 hadi 35, nalo lipunguzwe kidogo kidogo kila juma mpaka manyoya yaote vema, yaani wapatapo majuma matano au sita. Mlezi bora kwao ni mama yao, kwa hiyo mwenye kuku wachache afadhali apange kuatamisha ili vifaranga wawe wameota manyoya kabla ya Juni. Ikiwa hapana budi kutumia jiko la mkaa, chumba kiwe na njia ya hewa, na mtu yeyote asilale humo. Makaa katika chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu isiyoonekana wala kunuka. Haiui vifaranga peke yao, huua hata watu.

Tena kuku hupata joto lake kwa chakula. Siku za baridi ale zaidi, na jioni kabla hajalala apewe mahindi, yapate kusagika tumboni usiku na kumtia joto. Lakini mahindi peke yake hayatoshi kujenga manyoya na mayai. Yachanganywe na mashudu ya alizeti au dagaa waliosagwa, na majani mabichi yasikosekane. Maji yakiganda asubuhi yabadilishwe, maana kuku asiyekunywa hali vizuri.

Sasa twafika kwenye neno zito kuliko yote. Mara nyingi kuku wanaosemwa kwamba wameuawa na baridi, wameuawa na maradhi. Hata jina "mafua" limetupoteza, kwa kuwa mtu akilisikia hufikiri baridi, na kumbe mafua ya kuku huletwa na vijidudu vienezwavyo na kuku mgonjwa, hasa katika banda lililofungwa. Na ubaya zaidi ni kideri. Ukiona kuku wanahema kwa shida, wanaharisha kijani, shingo zimepinda, mabawa yameanguka, na wengi wanakufa katika siku chache, usiseme baridi. Baridi haipindi shingo ya kuku. Hicho ni kideri, nacho hakina dawa, ila kina chanjo. Chanjo iitwayo I-2, iliyotokana na kazi ya Chuo Kikuu cha Queensland nchini Australia, imefanywa kwa ajili ya kuku wa vijijini, kwa kuwa huvumilia joto kuliko chanjo nyingi. Hutiwa tone moja katika jicho moja la kila kuku mzima asiye mgonjwa, nayo hurudiwa kila miezi mitatu au minne, kama atakavyoagiza afisa mifugo. Mwenye busara huchanja mwezi wa Aprili au Mei, wala hangoji sakitu.

Tazameni basi hasara ya neno moja lisilo la kweli. Mtu akisema "baridi," hukunja mikono, kwa maana nani awezaye kuizuia Julai isije? Hamwiti afisa mifugo, hachanji, hamtengi mgonjwa. Pengine huwauza upesi waliosalia, na hivyo kuyapeleka maradhi sokoni mpaka kijiji cha pili. Na kuku hao ndio sare ya mtoto wa shule, ndio chumvi, ndio nauli ya kwenda hospitali. Mwaka ukigeuka, aanza tena na kuku mmoja wa kuazima.

Baridi itakuja kila mwaka, na hatuwezi kuifungia nje. Lakini banda kavu, hewa safi, tumbo lililoshiba na tone la chanjo vimo katika uwezo wa kila nyumba. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi twaongeza: ujue kwanza ni ufa upi wa kuziba, na ni upi wa kuachwa wazi.