KAMERA MEGAPIKSELI 45, PICHA YA KUTUZA HAIPO

Kuna aina ya mpiga picha ambaye kamati nyingi za harusi kuanzia Mbagala mpaka Tegeta zimeshakutana naye. Anaingia kwenye kikao na kamera mpya, anaiweka mezani taratibu kama mtu anayeweka funguo za gari, na kabla hajaulizwa bei anataja namba: "Hii mashine ni megapikseli 45." Wajumbe wanatikisa vichwa. Katibu anaandika. Hakuna anayeuliza hizo 45 zinafanya kazi gani ukumbini saa nne usiku.

Wiki tatu baada ya shughuli, mama wa bibi harusi bado anapiga simu. "Mwanangu, picha vipi?" Na yeye: "Shikamoo mama. Naomba univumilie, ndiyo naziandaa." Zikija, zile za bustanini ni balaa, mpaka uzi wa gauni unauhesabu. Lakini pale baba mtu alipomkumbatia binti yake wakati wa kutuza, pale ambapo ukumbi mzima ulilia, kuna picha moja tu. Nayo imetikisika.

Watu wa mjini humcheka huyu jamaa, wanamwita mshamba wa kamera. Si haki. Namba ndiyo aliyouziwa yeye dukani, na namba ndiyo kamati inayoilipia. Ila ukweli lazima usemwe: kwa kazi za kumbi za Temeke na Kinondoni, kasi inalipa kuliko megapikseli. Na anayeumia hesabu ikikosewa siyo kampuni ya kamera, ni watu waliochangishana elfu ishirini ishirini ili siku moja ibaki na kumbukumbu.

KAMERA MBILI ZA SIKU MOJA

Mfano mzuri upo. Julai 2020 Canon walitangaza kamera mbili kwa mpigo. EOS R5 ina megapikseli 45, ilianza kwa dola 3,899. EOS R6 ina megapikseli 20, ilianza kwa dola 2,499. Kwa kupiga mfululizo zinalingana: picha 12 kwa sekunde kwa shata ya kawaida na 20 kwa shata ya kielektroniki. Fokasi ya kushika uso na jicho nayo haijapishana sana. Kwa hiyo sehemu kubwa ya hizo dola 1,400 za tofauti, kwa mtu wa harusi, ni pikseli, pamoja na video ya 8K ambayo wateja wengi hawana hata televisheni ya kuionyesha.

Sasa hizo pikseli zinakwenda wapi? Picha ya Instagram ina upana wa pikseli 1,080. Ya WhatsApp hubanwa kabla haijamfikia shangazi wa Songea. Karatasi ya A4 ikichapwa vizuri kabisa, nukta 300 kwa inchi, inahitaji megapikseli 9 tu. Zile 20 za R6 zinatoa picha ya inchi 12 kwa 18 kwa ubora huohuo, na hiyo ni albamu kubwa ya mezani.

Hata simu zinalijua hili. Samsung Galaxy S23 Ultra ya 2023 inajitapa kwa megapikseli 200, lakini ukiipiga kawaida inaunganisha pikseli 16 kuwa moja na kukupa picha ya megapikseli 12 hivi. Namba kubwa inabaki kwenye tangazo.

KASI ZIKO TATU

Mtu akisikia kasi anafikiria ule mlio wa trrrrrr. Hiyo ni moja tu kati ya tatu.

Ya kwanza ni kasi ya fokasi. Ukumbini taa zimezimwa, MC anaita, bibi harusi anaingia na miondoko, mwanga wa DJ unageuka kutoka buluu kwenda nyekundu. Kamera isiyoshika uso haraka hapo haina msaada hata ingekuwa na megapikseli 100. Na pikseli zikiwa nyingi, kila mtikisiko mdogo wa mkono unaonekana wazi zaidi ukikuza.

Ya pili ni kasi ya mfululizo na ya kuandika kwenye kadi. Picha ghafi moja ya R5 ina MB 45 hivi, ya R6 ni kama nusu yake. Ukiminya kitufe kwa muda, kamera inajaza kumbukumbu yake ya ndani, kisha inaganda ikisubiri kadi. Kuna wapiga picha waliowahi kusimama mbele ya keki wanatazama taa nyekundu inawakawaka huku maharusi wanalishana. Dawa ni kadi ya kasi, na hapo R5 inataka kadi ya CFexpress, ambayo bei yake haifanani kabisa na ile kadi ndogo ya SD. R6 inabeba SD mbili na kazi inakwenda.

Hapo bado hujagusa kizazi cha namba kubwa zaidi. Sony A7R V ya 2022 ina megapikseli 61 na inapiga 10 kwa sekunde. Ni kamera nzuri sana ya studio. Lakini ukitumia shata yake ya kimya, sensa inasoma picha polepole, mstari kwa mstari. Mpige kijana anayecheza singeli, mkono unatoka umepinda. Taa za LED za ukumbini zinaweza kuacha mistari. Sony haohao mwaka 2023 walitangaza a9 III ambayo sensa yake inasoma picha nzima kwa mara moja na kupiga mpaka 120 kwa sekunde. Ina megapikseli ngapi? 24. Walioitengeneza walijua wanachagua nini.

Ya tatu ndiyo inayosahaulika: kasi ya kufikisha picha kwa mwenye shughuli. Harusi inaanza saluni asubuhi, inapita kanisani au kwenye ndoa nyumbani, bustanini, na kuishia ukumbini usiku. Picha 2,000 si ajabu. Kwa R5 hiyo ni GB 90, kwa R6 ni GB 40 na kitu. Zimwage kwenye laptopu ya zamani, uzifungue moja moja, umeme ukatike katikati, halafu zinakili mara mbili kwa usalama. Ndiyo maana "naziandaa mama" inafika wiki tatu. Siku hizi stetasi ya Jumapili asubuhi ndiyo albamu ya kwanza ya harusi, na mara nyingi inajazwa na picha za simu za wageni kwa sababu mpiga picha aliyelipwa bado anasubiri mafaili.

WENYE MEGAPIKSELI NAO WANA HOJA

Haki itendeke. Picha ya ukoo ni kesi ya kweli. Watu 60 wamepangwa safu tatu, 20 kwa kila safu: R5 inampa kila mtu pikseli 400 hivi za upana, R6 inampa 270. Babu akitaka picha hiyo ukutani kwa ukubwa, tofauti ataiona.

Kukata picha nako kuna faida. Umesimama mbali, umekata nusu ya upana na nusu ya urefu, picha ya megapikseli 45 inabaki na 11, ambayo bado ni A4 safi. Ya 20 inabaki na 5. Na anayepiga vitenge, vito au mitindo kwa ajili ya matangazo, mwanga ni wake, mwanamitindo anasimama akiambiwa simama. Huyo anunue megapikseli bila aibu.

Wapo pia wanaosema kwa nini mtu asipate vyote. Inawezekana. Nikon Z9 ya 2021 ina megapikseli 45 na inapiga picha ghafi 20 kwa sekunde. Ilianza kwa dola 5,500 hivi. Mwenye mfuko huo hana haja ya mjadala huu.

Tatizo ni yule asiye nao. Kijana wa Tandika au Mwananyamala anayechukua mkopo wa kausha damu ili apate kamera ya namba kubwa, kisha anaifunga lenzi ya bei chee inayoingiza mwanga kidogo, flashi ya kuazima na kadi moja isiyoeleweka. Amenunua pikseli ambazo lenzi yake haiwezi kuzijaza. Marejesho yanaanza wiki inayofuata, kazi ya pili anaipokea kabla hajamaliza kuandaa ya kwanza, simu za wamama zinaongezeka, jina linaanza kuchafuka kwenye magrupu. Biashara za namna hiyo hazifi kwa kukosa kipaji. Zinakufa kwa kuchelewa.

Zile dola 1,400 zingemnunulia lenzi yenye mwanga wa kutosha, flashi yake mwenyewe na kadi mbili za uhakika, na chenji ikabaki. Hivyo ndivyo vinavyookoa picha ya saa nne usiku. Angalia hata wapiga picha wa michezo: mwaka 2024 Canon walipotoa EOS R1, kamera yao ya juu kabisa kwa watu wanaosaka sekunde moja ya goli, waliipa megapikseli 24. Kama 24 zinatosha kwa uwanja wa mpira, zinatosha kwa ukumbi wa Chang'ombe.

KAMATI NAZO ZIBADILI SWALI

Mpiga picha ataendelea kutaja megapikseli ilimradi wateja wanazilipia. Kamati inayotaka thamani ya michango yake iachane na "kamera yako ni megapikseli ngapi?" Iulize mambo matatu. La kwanza: "Kaka, tuonyeshe harusi moja nzima uliyopiga usiku, siyo picha kumi ulizochagua." La pili: "Kadi ikigoma au kamera ikizima katikati, una nini cha akiba?" La tatu: "Picha 50 za kwanza tutazipata siku gani?" Na hilo la tatu liandikwe kwenye makubaliano, kabla ya kulipa malipo ya awali.

Anayejibu vizuri hayo matatu apewe kazi, hata kama kamera yake imechakaa pembeni na namba yake ni ndogo. Uzi wa gauni mtu anaweza kuuona siku yoyote, gauni lipo kabatini. Baba kulia mbele za watu ni mara moja, na inachukua sekunde mbili.